Hita ya injini au hita plagi? Kuchagua dawa ya gari la dizeli linalogoma kuwaka alfajiri Molo

Saa kumi na nusu alfajiri, mwezi wa Januari, turubai la pikapu yangu lilikuwa limekakamaa kama kadibodi. Nilipolivuta lilialika, na vipande vyembamba vya barafu vikaniangukia kiatuni. Mitungi ya maziwa ilikuwa imeshapangwa getini. Nikapiga stata: ikazunguka kivivu, injini ikakohoa, moshi mweupe ukajaa ua, kisha kimya. Nikarudia. Mara ya nne ikabaki tik tik tik tu. Jirani akachungulia dirishani na kuniuliza kwa upole unaoudhi, "Baba, leo tena?"

Wiki hiyohiyo shemeji yangu aliyeko Kanada akanitumia picha ya gari lake, waya wenye plagi ukining'inia mbele kama ulimi. Akaniambia usiku huchomeka gari kwenye stima kama simu, na asubuhi linawaka kwa mguso mmoja. "Funga na wewe." Nikashuka Nakuru kutafuta. Dukani nikasema nataka hita. Kijana akaniwekea kaunta hita plagi nne. Siyo hizo, nikamwambia, ile ya kupasha maji ya injini. Akaingia ndani, akarudi na karejeta kadogo kale ka kupasha joto miguu ya dereva. Hapo ndipo nilipojua kwamba neno hili moja linabeba vitu vitatu, na kwamba huenda mimi mwenyewe sikujua ninataka kipi.

Nimelinganisha tangu wakati huo, kwa mkono na kwa hesabu. Haya ndiyo niliyoyaona.

Baridi yetu ni ya namna gani

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, Molo inakaribia 2,500, na Timboroa imepita 2,700. Ukiwa Kondele, kule Kisumu, na gari halitaki kuwaka asubuhi, usiisingizie baridi, pima betri. Mazungumzo haya ni ya watu wa Molo, Kuresoi, Mau Narok, Mau Summit, Timboroa na vilima vya jirani.

Watu husema baridi ni Julai. Julai ni baridi ya ukungu, inakukalia mabegani mchana kutwa, lakini jalidi huja zaidi katika usiku mkavu usio na wingu, mwanzoni mwa mwaka, ardhi inapopoteza joto lake lote angani. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaikumbuka Januari ya 2012, majani yalipobabuka mashambani kwa jalidi. Kwa hiyo usihesabu baridi kwa kalenda ya sweta za watoto wa shule.

Jambo la pili, ambalo wengi hulisahau, ni hewa. Kwenye mita 2,500 shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la Mombasa. Injini ya dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka ipate moto, ndipo dizeli inayonyunyizwa ijiwashe yenyewe. Hewa ikiwa chache, ikawa baridi, na kuta za silinda zikainyang'anya lile joto dogo iliyopata, dizeli inageuka ukungu mweupe na kutokea ekzosi bila kuungua. Moshi ule mweupe wa asubuhi ni mafuta yako uliyoyalipia.

Hita ya injini yenyewe ilibuniwa kwa baridi nyingine kabisa. Andrew Freeman wa North Dakota, Marekani, alipata hataza ya hita yake mwaka 1949, katika jimbo ambalo nyuzi 20 chini ya sifuri si habari ya kutangazwa. Huko oili inakuwa kama uji uliolala. Hapa kwetu haifiki huko. Oili ya 15W-40 lazima ipite kipimo cha kuzungusha injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na 20W-50 kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Molo ya nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri haijaigusa. Anayekwambia injini yako imekwama kwa sababu oili imeganda anakuuzia kitu, isipokuwa kama umeweka ile oili nzito tupu isiyo na herufi W kwenye namba yake.

Upande wa kwanza: kurudisha kilichoibwa

Nasema kuibwa kwa makusudi. Magari mengi ya dizeli huku juu hayana upungufu wa hita. Yana upungufu wa vitu yaliyotoka navyo kiwandani. Naanza na themostati, kale kamlango kanakozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto.

Fundi akiletewa gari linalochemka, jambo la kwanza ni kuitoa themostati na kuitupa. "Hii ni ya nchi za baridi, huku haina kazi." Nimeambiwa hivyo mara mbili, mara ya pili na mtu aliyevaa koti zito na kofia ya sufi. Bila themostati maji ya rejeta yanazunguka tangu sekunde ya kwanza, injini inachukua nusu ya safari kupata joto, inakula dizeli, na silinda zinalika mapema. Silinda zikilika, mbano unashuka, na mbano ukishuka gari halitawaka kwenye baridi. Ugonjwa wa leo asubuhi ulianza siku ile fundi alipotupa kile kipande cha shaba.

Na ukifunga hita ya injini kwenye gari lisilo na themostati, unapasha joto bonde la Molo. Maji ya moto hupanda, hakuna mlango wa kuyazuia, yanaingia kwenye rejeta, na rejeta inafanya kazi iliyoundiwa: kumwaga joto nje. Kwa hiyo hata kama utaishia kununua hita, themostati ni lazima.

Kuijaribu ni rahisi. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, na uweke kipimajoto. Ya nyuzi 82 inapaswa kuanza kufunguka hapohapo karibu na 82. Ila kumbuka uko Molo: maji yanachemka kama kwenye nyuzi 92, si 100, kwa hiyo ile ya nyuzi 88 inaanza kuachia dakika chache tu kabla sufuria haijatokota. Ndiyo maana pia kifuniko cha rejeta kisichoshika presha ni tatizo kubwa zaidi huku kuliko pwani.

Kisha hita plagi. Hizi ni vijiti vidogo, kimoja kwa kila silinda, vinavyowaka vyekundu ndani ya chumba cha moto kwa sekunde chache kabla ya stata. Injini za zamani zenye chumba cha pembeni, kama zile za Toyota 2L, 3L na 5L ambazo bado zinabeba nusu ya viazi vya kaunti hii, zinazitegemea kabisa. Injini mpya za kamonreli, zile zinazonyunyiza dizeli kwa presha kubwa sana, zinaweza kuwaka bila hita plagi mchana, halafu zikasumbua alfajiri. Kuzipima hakuhitaji kompyuta. Toa ule ukanda wa bati unaoziunganisha, weka mita kwenye omu, ncha moja juu ya plagi na nyingine kwenye bodi ya injini. Nzima itaonyesha omu moja au chini yake kidogo, au juu yake kidogo. Iliyokufa haionyeshi kitu.

Kwangu mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa. Nilipozitoa, moja ilikuwa imevimba nchani kama kiberiti kilichochovywa. Fundi mzee aliyenisaidia akaigeuza mkononi, akaniambia, "Mwanangu, hii aliweka mtu wa volti tofauti." Kumbe kwa injini zinazofanana kabisa kuna hita plagi za volti 6 na za volti 11 au 12, kulingana na mtindo wa relei. Ukiweka ya 6 mahali pa 12, inaungua ndani ya muda mfupi. Ukiweka ya 12 mahali pa 6, haipati moto wa kutosha. Soma namba iliyochongwa kwenye plagi, usikubali "hii inaingia". Kuingia zote zinaingia.

Betri nayo. Kwenye nyuzi sifuri betri ya risasi inabaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, na hapohapo injini baridi inadai nguvu zaidi. Ipime asubuhi kabla hujagusa chochote: volti 12.6 imejaa, 12.4 ina robo tatu, 12.0 imekaribia kwisha. Halafu mtu apige stata huku ukitazama mita. Ikishuka chini ya 9.6, ama betri imechoka ama nyaya na vichwa vyake vimeota kutu. Osha vichwa kwanza. Wapo walionunua betri mpya kwa kosa la kichwa kichafu, na mmoja wao ndiye anayeandika haya.

Upande huu wa kwanza unagusa kila asubuhi, popote utakapolala, stima iwepo au isiwepo. Hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Upande wa pili: hita zenyewe

Sasa tuseme hayo yote yako sawa na gari bado linasumbua, au una lori la zamani lisilo na hita plagi hata moja. Hita ya maji ya injini zipo za aina tatu, na moja ya oili.

Ya kwanza inazama ndani ya bloku yenyewe, lile gogo la chuma lenye silinda. Pembeni mwa injini kuna vifuniko vya duara vya bati vilivyogongwa kwenye matundu. Unatoa kimoja na kuweka hita mahali pake. Kwa ufanisi ndiyo bora, kwa sababu joto linazaliwa katikati ya chuma. Za magari madogo ni wati 400 hadi 600 hivi, za injini kubwa 1,000 na kuendelea. Ila lazima iwe ya injini yako hasa, kipenyo na umbo, na ile koili ya ndani isiguse ukuta wa silinda. Kifuniko chenyewe mara nyingi kiko nyuma ya stata au manifoldi, kimeoza, na ukikitoa unaweza kukuta matope ya kahawia ya miaka ishirini. Siipendekezi kwa fundi anayeifunga mara ya kwanza kwenye gari la mtu.

Ya pili inakaa kwenye paipu ya chini ya rejeta. Unaikata paipu, unaweka hita katikati, unabana na klempu mbili. Hii fundi yeyote anayeweza kubadilisha paipu ataifunga kwa nusu siku. Pima kipenyo cha ndani cha paipu kwa kalipa kabla ya kuagiza, maana milimita 32, 38 na 44 zote huonekana sawa kwa macho. Udhaifu wake ni kwamba iko mbali na silinda, na kama paipu imelala vibaya joto hukimbilia upande wa rejeta. Upande wa injini uwe juu zaidi.

Ya tatu ni katangi kadogo kanakofungwa kando ya injini, na paipu mbili: moja inavuta maji baridi kutoka chini ya bloku, nyingine inarudisha ya moto juu. Haina pampu. Maji ya moto ni mepesi, yanapanda yenyewe, kama chai inayotokota sufuriani. Kwa hiyo tangi lazima likae chini kabisa, mdomo wa kutokea utazame juu, na paipu isiwe na kiwiko kinachoshuka hata kidogo. Kiwiko kimoja kinatega hewa na mzunguko wote unakufa. Zina nguvu zaidi, wati 850 hadi 2,000 hivi, na zinafaa lori.

Ya oili ni bamba linalobandikwa chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, au lile la sumaku, wati 200 au 300. Bei nafuu, kazi rahisi. Lakini nimeshasema oili si adui yetu. Huku ni kununua mwavuli kwa ajili ya vumbi.

Kwa hizi zote za maji, mambo mawili huua hita kabla ya wakati. Kuiwasha ikiwa kavu, au ikiwa na hewa, huiunguza mara moja. Jaza, toa hewa, endesha gari lipate joto, acha lipoe, ongeza, ndipo uchomeke. La pili ni maji ya mtoni. Koili inaota magamba kama birika. Tumia kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu kwa nusu na maji safi. Mchanganyiko huo haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, jambo lisilotuhusu, lakini unazuia kutu, na hilo linatuhusu sana.

Tahadhari ya volti, na hapa naomba usome polepole. Hita nyingi zinazoonekana mtandaoni ni za Marekani na Kanada, za volti 120. Stima yetu ni 240. Volti ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne: hita ya wati 400 inageuka ya wati 1,600 mpaka ikatike au ichome paipu. Tafuta iliyoandikwa 230 au 240. Kampuni za Skandinavia, kama DEFA ya Norwei na Calix ya Uswidi, hutengeneza za volti 230 kwa sababu stima yao inafanana na yetu.

Gharama ya tokeni

Chukua injini ya chuma ya kilo 150 na lita 8 za kulanti. Kwa hesabu ya karatasi, wati 1,000 kwa saa moja zinaweza kuipandisha nyuzi 36. Kwa hali halisi, upepo ukivuma chini ya gari, tegemea nusu yake. Kutoka nyuzi 4 hadi 22 ni tofauti kubwa kabisa kwa dizeli. Saa mbili ni yuniti 2. Tuseme yuniti ni shilingi 30 ili hesabu iwe nyepesi: shilingi 60 kwa asubuhi, 1,560 kwa mwezi wa siku 26. Saa mbili zinatosha. Kuiacha usiku kucha ni kumpa mwenye stima pesa ya bure, kwa hiyo nunua taima ya soketi.

Waya wa kuelekea uani uwe wa milimita za mraba 2.5, wenye athi, na usiuache umejikunja kama kamba ya ng'ombe kwa sababu ukikunjwa unapata moto. Soketi ya nje iwe na kinga ya kuvuja kwa stima. Unashika bodi ya chuma ukiwa umesimama kwenye umande. Kama unaishi ploti yenye mita moja ya wapangaji wote, zungumza kwanza, la sivyo kelele zitakazokuamsha hazitakuwa za stata. Wengine wameniuliza kuhusu inveta ya gari au sola. Wati 1,000 kutoka volti 12 ni ampea 83. Utakuwa umeiua betri ili kuisaidia betri.

Stima ikikatika saa nane usiku, hita ya injini ni pambo. Hita plagi haijui habari za transfoma.

Zinazochoma dizeli

Kuna za kifahari, Webasto na Eberspächer za Ujerumani, zinazochoma dizeli ya tangi lako na kupasha maji ya injini bila stima ya nyumbani. Zile za magari madogo zina nguvu ya kilowati 5 hivi, kwa hiyo nusu saa inatosha. Kwa dereva wa masafa anayelala Salgaa au Mau Summit, zinaonekana jibu kamili. Bei ni ya kuuza ndama, na mwinuko nao una neno: juu ya mita 1,500 hivi nyingi zinahitaji kifaa cha kuzirekebisha kwa hewa chache, la sivyo zinajaa masizi na kuzima. Ukinunua iliyotumika bila kifaa hicho, Molo itaiziba.

Nani achukue nini

Probox, Vitz na ndugu zao wa petroli: hakuna hita yoyote. Plagi za cheche, betri, basi.

Pikapu ya dizeli yenye hita plagi: upande wa kwanza tu. Baada ya hita plagi nne, themostati na kuosha vichwa vya betri, yangu imewaka misimu miwili mfululizo, kwa kusubiri taa ya koili, ile ya hita plagi kwenye dashibodi, izime, kuzungusha ufunguo mara ya pili taa iwake tena, ndipo stata. Sikununua hita. Ukiwa unaagiza gari la Japani, uliza kama ni la mikoa ya baridi. Hayo hutoka kiwandani na betri kubwa zaidi.

Injini iliyochoka mbano na huna pesa ya kuifungua mwaka huu: hita ya paipu itakusogeza, lakini ni fimbo ya mgonjwa.

Na kwa wote, acheni jiko la makaa chini ya sampu. Najua babu zetu walifanya. Kuna paipu za dizeli zinazovuja pale. Acheni pia kuchanganya mafuta ya taa kwenye tangi ati yanawaka haraka; yanakausha pampu, na tangu serikali ilipoyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 hata unafuu wake ulipungua.

Lori la zamani lisilo na hita plagi, linalolala uani penye stima, linaloondoka saa kumi kila siku: hapo ndipo ninaposema nunua, na nunua ya tangi. Jirani yangu yule wa dirishani ana lori la viazi la namna hiyo. Tuliifunga pamoja Jumapili moja, ya wati 1,500. Mara ya kwanza ilikaa kimya. Nikagusa paipu ya kutokea, moto. Paipu ya juu ya injini, baridi kama chura. Hewa. Tukalegeza klempu ya juu, ikatema povu, ikakohoa, kisha maji yakaja. Baada ya dakika ishirini paipu ya juu ilikuwa vuguvugu, na akaacha kiganja chake pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tatizo lililobaki ni paka wa ploti, ambaye amegundua kitanda chenye joto juu ya bloku. Siku hizi jirani huchomoa waya, hugonga boneti mara tatu, husubiri paka ashuke, ndipo anapiga stata.